Mchoraji wa Mabaraza

Watu wote niliowahi kuwaona wakichora nyumba walianza na kuta. Yeye alianza na watu. Alichukua penseli laini akachora viduara vidogo, kimoja hapa, viwili pale, vitatu vimekaribiana kama wanaosengenyana, na kila kiduara kilikuwa kichwa cha mtu aliyeketi. Akishawakalisha wote ndipo alipochukua rula na kutafuta ukuta upite wapi bila kumsumbua mtu.

Ofisini tulimwita Mchoraji, ingawa wachoraji walikuwa wanne. Mimi nilikuwa msichana wa kunakili. Ilikuwa idara ya ujenzi, Mahajanga, miaka ile ya mwanzo wa uhuru, bendera mpya ikiwa bado na mikunjo ya kabatini. Kazi yangu ilikuwa kutandika karatasi nyembamba juu ya mchoro wake na kupitisha wino juu ya mistari ya penseli. Nilikatazwa jambo moja tu: wale waliokaa nisiwatie wino. "Hao waache," aliniambia siku ya kwanza. "Hao si wa serikali."

Nayasimulia haya kwa Kiswahili cha Unguja, nilikoolewa baadaye. Mimi na yeye hatukukitumia. Ofisini tulisema Kifaransa mbele ya wakubwa na Kimalagasi cha pale mjini wakiondoka, na yalipokuja mambo ya ndani tulirudi kwenye Kikomoro cha nyumbani kwetu. Nilimwita Fundi, kama tunavyomwita yeyote anayetufunza. Alizaliwa wapi na ni wa ukoo gani sikupata kujua, na sikuwa na haja.

Mtu asidhani alikuwa mpole. Aliwahi kunirudishia karatasi moja mara nne kwa sababu kona mbili za chumba hazikukutana sawasawa, na mara ya nne aliichana mbele yangu. Alikuwa bahili wa salamu. Makelele ya watoto yalimkera hata akawa anafunga dirisha na joto lote lile la mwezi wa kumi na mbili. Alipenda viatu vyake kuliko jamaa zake, walisema wenzake, na kweli sijaona mwanamume anayeruka madimbwi kwa uangalifu namna ile. Lakini kila mchoro uliotoka mkononi mwake, uwe wa posta au wa zahanati au wa soko la samaki, ulikuwa na mahali pa mtu kukaa kabla hajaulizwa shida yake. Baraza nje ya ukuta. Upenu mpana. Ngazi fupi ambazo bibi kizee angezipanda bila kushika goti. Wakubwa walimfutia nusu ya hayo, naye alichora upya, bila ugomvi, lakini shingo yake ilisimama mishipa.

Jambo jingine alilokuwa nalo: hakuweza kuvumilia kuona watu wamepangwa foleni. Chini ya ofisi yetu palikuwa na dirisha la vibali, na asubuhi watu walipanga mstari mpaka barabarani, juani. Mara mbili tatu kwa wiki alikuwa anashuka, anaingia chumba kisicho chake, anamnyang'anya karani mhuri na kuanza kuwahudumia mwenyewe, haraka, bila kuwatazama nyuso. Aliandikiwa barua za onyo. Alizikunja akawa anazitia chini ya mguu wa meza uliokuwa mfupi.

"Ukuta ni uvivu wa kufikiri," alizoea kusema. Na siku ambazo alikuwa na hasira na nafsi yake: "Penseli ndiyo silaha ya mwoga. Mwenye penseli hasikii kelele."

Hili la pili sikulielewa kwa muda mrefu.

Ilinichukua karibu mwaka kugundua kwamba wale watu wake wa penseli walikuwa na idadi moja. Katika kila mchoro walikuwa kumi na mmoja. Jengo likiwa kubwa waliachana, likiwa dogo walibanana, lakini hawakuzidi wala kupungua. Nilimuuliza, kwa ujinga wa ujana, nikicheka kidogo. Alishusha penseli. Aliniuliza kama nimemwambia mtu. Nilisema hapana. Akanituma nikalete wino, na chupa ya wino ilikuwa mbele yetu, imejaa.

Kisha ikaja ile kazi ya Nosy Be. Serikali ilitaka pajengwe Andoany, mji mkuu wa kisiwa, nyumba ya elimu na utamaduni: chumba cha vitabu, darasa la watu wazima wasiojua kusoma, ukumbi wa ngoma na hadithi, mahali pa wanawake kufundishana kutarizi na kusuka ukili. Msimamizi alikuwa mhandisi kijana aliyetoka nyanda za juu, amesoma Ufaransa, mtu safi mwenye haraka. Alitandaza ramani ya mji mezani akaweka kidole. Kiwanja kimekwisha kupatikana, alisema, cha serikali, kina ukuta tayari, karibu na bandari. Itakuwa kuongeza majengo ndani tu.

Mchoraji alitazama pale palipowekwa kidole, akatoka nje. Hakurudi siku ile. Kesho yake alikuja amenyoa, akasema kazi ataifanya, ila lazima akapime mwenyewe, na nimfuate mimi wa kushika utepe. Mama alikubali kwa kuwa Andoany nilikuwa na shangazi.

Tulikwenda kwa meli ya pwani iliyobeba saruji na magunia. Tulipofika aliniongoza moja kwa moja, bila kuuliza njia, mpaka kwenye ukuta mrefu wa mawe uliopakwa chokaa zamani, wenye lango moja la chuma. Hapo akasimama. Alinipa utepe, daftari na penseli, akaniambia niingie nipime, yeye ataandika nje.

"Utaandikaje nje, Fundi, na vipimo viko ndani?"

"Utanisomea kwa sauti."

Niliingia. Ilikuwa karibu na saa sita mchana. Hapakuwa na kitu: uwanja mtupu wa udongo mgumu, mwingi wa mwanga, hakuna mti, hakuna paa, hakuna kisima. Joto lilikuwa limetuama mle kama maji kwenye birika. Kwenye ukuta wa magharibi, ule ambao ndio wa kwanza kutoa kivuli jua likipinda, chokaa ilikuwa imesuguliwa ikawa laini, mstari mzima, kwenye kimo cha mgongo wa mtu aliyeketi. Nilipagusa pale palipo laini kwa mkono. Palikuwa baridi, na ukuta wote uliobaki ulikuwa wa moto.

Nilipachika ncha ya utepe kwenye msumari wa lango, nikatembea hadi mwisho, nikasoma kipimo kwa sauti, naye akajibu kutoka nje kwamba amesikia. Kisha nikauvuta utepe urudi. Haukuja. Nikadhani umenasa, nikavuta tena, ndipo ukaja polepole, kwa vipande, kama unavyokuja utepe ambao mtu wa upande wa pili ameushika na anauachia. Nilitazama. Pale langoni hapakuwa na mtu. Nilipima pande zilizobaki nikikimbia.

Ng'ambo ya barabara alikaa mama mtu mzima akiuza mokari, ambazo huku Unguja tunaziita vitumbua. Nilikwenda kwake kuomba maji. Alinipa, akanitazama nikinywa, akauliza kwa Kimalagasi cha kisiwani ni mwendawazimu gani aliyenituma humo saa hizi. Hakuna wa mtaa ule anayepita karibu na ukuta adhuhuri, alisema. Wakati huo ndio wanaomba maji.

Niliuliza ni nani hao.

Akanisimulia bila kupandisha sauti, huku anageuza mokari zake. Zamani, wakati wa kazi za lazima, watu walikamatwa vijijini wakakusanywa mle kungoja meli ya kuwapeleka mashambani na kwenye barabara za mbali. Mwaka mmoja meli ilichelewa. Msimamizi alikuwa amekwenda karamuni upande wa pili wa kisiwa, na ufunguo aliuchukua. Ilikuwa siku ya pili lango lilipofunguliwa. Waliotolewa wakiwa wamekufa walikuwa kumi na mmoja, na mmoja wao alikuwa dada yake, aliyekwenda kumpelekea mumewe chakula akafungiwa pamoja nao.

Kufikia hapo Mchoraji alikuwa amevuka barabara, amesimama nyuma yangu. Yule mama aliinua macho, akamtazama muda mrefu, viatu, shati, uso.

"Ni wewe," alisema. "Ulikuja na kamba ya kupimia. Ulikuwa mwembamba."

Alijibu kwamba ni yeye.

Nilitegemea atamwagiwa mafuta ya moto. Yule mama alivuta kigoda kwa mguu akamwonyesha akae, akampa mokari mbili kwenye jani, akaendelea na kazi. Wala hakumsemesha tena siku ile.

Mambo yaliyobaki nilielezwa tukirudi, kwenye sitaha, katikati ya magunia. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na kidogo, mwenyeji wa kwanza kupewa meza ya kuchora, akijiona amefika. Aliagizwa ua wa kungojea. Yeye alichora upenu upande mmoja na tangi la maji kwenye kona, kwa akili yake tu, kwa kuwa aliona ndivyo inavyostahili. Mkubwa wake akapitisha penseli nyekundu juu ya vyote viwili, akasema hawa hawakai muda mrefu. Naye akachora upya.

"Sikujenga ukuta ule, mwanangu," aliniambia. "Sikufunga lango. Nilivuta mistari minne tu, kwa rula, mchana, nimekaa kwenye kiti. Kumi na mmoja. Mpaka leo hawajanisemesha neno baya. Wanakaa tu."

Niliuliza kwa nini basi hakukataa kwenda. Alisema angekataa, angepewa mwingine, na mwingine angeuacha ukuta.

Tangu hapo nilimwona akipigana, mtu ambaye miaka yote alifuta alipoambiwa afute. Mhandisi alitaka ukuta ubaki, lango lipakwe rangi, na kibanda cha mlinzi wa kuuliza kila anayeingia anataka nini. Mchoraji alileta mchoro usio na ukuta upande wa barabara. Mahali pake palikuwa na baraza ndefu, kivuli chake kimeingia mpaka njiani, na mabomba ya maji upande wa nje, ambapo mpita njia angekunywa bila kumshukuru mtu. Vyumba vilifunguka kwenye ua wenye miti, na kati ya barabara na chumba cha vitabu hapakuwa na mlango hata mmoja wa kugonga. Mhandisi aliuliza vitabu vitalindwa na nani. Mchoraji akasema mtu mwoga hapigi hodi. Huja kwanza akakaa karibu, siku nyingi, akisikiliza. Akifukuzwa hapo, nyumba haijamkosa yeye peke yake, imewakosa na wanawe. Walibishana wiki tatu. Mwisho mhandisi alitia saini, nadhani kwa kuchoka.

Mchoraji alikwenda Andoany mara sita mwaka ule. Kila safari alianzia kwenye kigoda cha yule mama wa mokari. Mimi nilikuwepo mara mbili. Hawakuzungumza sana. Siku moja alimuuliza ni kitu gani kifanyike ili watu wa mtaa waingie. Yule mama alifikiri, akasema, "Maji kwanza. Kabla ya jiwe."

Basi bomba likawekwa kabla ya msingi, kinyume cha utaratibu, bila kibali, na akapata barua nyingine. Lakini ilipofika siku ya kubomoa ukuta, vibarua waliweka nyundo chini. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuwagusa waliokuwa humo. Walikuja walimu wa madrasa wakasoma hitima, na wazee wa Kisakalava, wenyeji wa kisiwa, wakafanya tambiko lao la asali na maombi, kila upande ukiuvumilia mwingine, na bado nyundo zilibaki chini. Mchoraji alivua viatu. Alitembea peku mpaka lango lile, akapita, mara ya kwanza nikimwona akiingia, akaenda kwenye ukuta wa magharibi akapiga. Alipiga vibaya, kama mtu asiyejua, mpaka vidole vikatoka damu. Yule mama alisimama barabarani akitazama. Jiwe la tatu au la nne lilipoanguka, vibarua waliingia wakamnyang'anya nyundo kwa upole.

Kuhusu kibao cha ukumbusho walikosana tena, na safari hii ilikuwa kinyume. Mhandisi alikuwa amekwisha kusikia habari yote, na yeye ndiye aliyependekeza jiwe lenye majina ya marehemu liwekwe penye mwingilio. Alisema nchi huru haina sababu ya kuficha. Mchoraji alikataa katakata. Mtu hakai kwa raha juu ya kaburi, alisema; akisoma jiwe atainuka, atakwenda zake, na waliokufa watabaki peke yao kama zamani. Wanataka watu karibu yao, hawataki maandishi. Mama wa mokari alipoulizwa alisema yeye hajui kusoma, waamue wao. Jiwe halikuwekwa. Wakati ule nilimwunga mkono Mchoraji, na mimi ndiye niliyepiga chapa barua ya kukataa.

Siku ya kufungua wakubwa walikuja, walihutubu, wakala, wakaondoka. Watu wa mtaa walisimama ng'ambo ya barabara, wamejipanga, hakuna aliyevuka. Ilikuwa hivyo wiki nzima niliyokaa pale. Walikuja bombani asubuhi na jioni, wakajaza ndoo, macho chini, wakarudi. Baraza ile ndefu ilikaa tupu na kivuli chake kizuri. Mchoraji alikaa peke yake mwisho wa baraza, saa baada ya saa, akiitazama, na siku ya mwisho aliniambia twende zetu.

Nilipoposwa Unguja nilikwenda kumuaga. Alinipa rula yake moja ya mti na kuniambia nisiitumie kwa mambo ya kijinga. Ndiyo pongezi pekee niliyopata kwake.

Ilipita miaka mingi, nikiwa na watoto watatu, ndipo nikapata nafasi ya kurudi kuwaona wazazi. Nilipitia kwanza Nosy Be kumzika shangazi. Siku iliyofuata mazishi nilitembea mpaka kwenye nyumba ile. Nilisikia kelele zake kabla ya kuiona. Baraza ilikuwa imejaa: wavulana wamelala kifudifudi wakifanya hesabu, wanawake wanatarizi na kubishana, mzee mmoja anasomewa gazeti na mjukuu wake. Miti ya uani ilikuwa imepita paa. Mama wa mokari alikwisha kufariki. Mahali pake palikuwa na duka la vitambaa. Nilikaa karibu na msichana wa miaka kumi na mitano hivi, aliyekuwa akijifunza kusuka mkeka, nikamuuliza kama wanakaa pale hata adhuhuri. Alinishangaa. Adhuhuri ndiyo bora, alisema, ndipo penye ubaridi, watu hulala. Nikamuuliza kama anajua palikuwa na nini hapo zamani. Aliwauliza wenziwe. Mmoja alisema palikuwa na ghala. Mwingine alisema palikuwa na kichaka tu.

Mahajanga niliambiwa Mchoraji bado yu hai, anaishi Amborovy, njia ya uwanja wa ndege, kwa mpwa wake wa kike. Nilimkuta kwenye kibaraza, amekonda, kanzu imemzidi. Alinitambua kwa sauti. Aliuliza habari za watoto wangu bila kusubiri majibu, kisha akauliza kwa Kikomoro kile anachotumia mtu akiogopa jibu:

"Wanakaa?"

Nikamweleza yote, kwa furaha, maana nilijua namletea zawadi. Nilimwambia wavulana, watarizi, mzee wa gazeti. Nilimwambia watu wanalala pale adhuhuri. Alisikiliza amefumba macho.

"Na hakuna anayesikia kitu?"

"Hakuna, Fundi. Wala hawajui. Wanasema palikuwa na ghala."

Nilitegemea atashusha pumzi. Alifumbua macho, akatazama uwanja mbele ya nyumba, ule mwanga wa saa sita, na uso wake ukawa wa mtu aliyeletewa msiba.

"Basi wamebaki kwangu peke yangu," alisema.

Nilifikiria lile jiwe, na ile barua niliyoipiga chapa kwa mikono yangu, na naamini naye alikuwa akilifikiria, lakini hakuna aliyelitaja. Mpwa wake akatutokea mlangoni, akasema chakula tayari, nisiondoke bila kula. Aliingia kuchukua sinia. Mkeka ulikuwa mkubwa, umeenea kibaraza kizima, na Fundi amejikunyata kwenye pembe moja yake, mgongo ukutani. Niliinuka nikasogea nikae ubavuni pake, upande uliokuwa wazi.

"Si hapo, mwanangu," alisema kwa upole, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake ofisini. "Kaa upande huu."

Nikahama. Mpwa wake alirudi na wali, na kabla ya kuuweka mbele yetu alizunguka mkeka wote kwa nje, taratibu, akiinua pindo la leso yake lisiguse ule upande uliokuwa mtupu, kama mtu anayepita mbele ya wageni aliokwisha kuwazoea.